Kitambaa cha Kijani Kichwani kwa Bi Lumb

Bradford,
Novemba 1943

Dada yangu mpenzi Ada,

Pokea salamu zangu na za Brenda. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimepoa, na ng'ombe wenu bado anatoa maziwa. Sisi wazima wa mwili, ila roho yangu ndiyo mgonjwa, na mgonjwa wa wivu hana daktari. Harold ameandika kutoka vitani, anauliza kama Brenda bado anamkumbuka baba yake. Amkumbuke wapi, hata mimi ninayelala naye ananisahau!

Kila asubuhi kabla ya zamu kiwandani nampeleka kwenye kituo cha watoto hapa mtaani. Mlangoni wanamvua nguo nilizomfulia kwa mikono yangu, wanamvika za kituo, zangu wanazitundika kwenye msumari wenye picha ya bata. Jioni narudishiwa mtoto ananuka sabuni yao. Na mdomoni jina ni moja tu, Lumb! Lumb kaimba, Lumb kacheka. Bi Lumb ndiye mlezi wake, msichana wa mashavu mekundu ambaye hajazaa hata paka. Nyumbani nikimpa maziwa, Brenda anasukuma kikombe. Jirani yangu Mama Sugden alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Shoga, umebaki mama wa kumvua viatu tu!" Nami nikacheka, huku ndani naungua.

Basi kile kitambaa cha kijani ulichonipa nilipoolewa, nilichokuwa nikijifunga kichwani kila siku, kikapotea. Nilipekua nyumba nzima, wapi! Wiki iliyopita mashine yetu iliharibika, tukaachiwa mapema, nikapitia kituoni na kuchungulia dirishani. Watoto wamekwisha kunyweshwa mafuta ya samaki, sasa ni zamu ya maziwa. Brenda kapakatwa na Bi Lumb, anakunywa kwa raha zake, na Bi Lumb kichwani kafunga kitambaa changu! Nikasema, huyu kanichukulia mtoto, sasa kaanza na nguo. Sikuingia. Nilikwenda nyumbani na hasira zangu nikakuandikia barua ile, uje Jumamosi umchukue Brenda akakae kwenu shambani.

Jana asubuhi nikashindwa kujizuia, nikamvaa Bi Lumb mlangoni mbele ya akina mama wote. Nilimwita mwizi, nikamwambia azae wake. Maskini, alilia. Akaeleza kwamba Brenda mwenyewe ndiye aliyekuja nacho, kakisokomeza ndani ya suruali, naye alidhani nimempa mimi. Alisema mtoto alikuwa hagusi maziwa, analia tu akiutazama mlango, mpaka siku alipokifunga kichwani ili amchekeshe. Brenda akakishika pindo, akanywa kikombe kizima. Tangu hapo bila kitambaa hanywi.

Akakifungua akanirudishia. Nilikifunga palepale, nikaomba kikombe cha maziwa. Brenda alikishika pindo, akanywa mpaka tone la mwisho, akaniachia masharubu ya maziwa begani. Nilimwomba Bi Lumb radhi, kisha nikakitundika kitambaa mwenyewe kwenye msumari wa bata, kibaki hapo mchana, jioni nirudi nacho. Wivu haujaisha, sikufichi. Leo asubuhi nilipomwona anakifunga, nilitazama pembeni.

Sasa, dada, lililobaki ni zito. Najua umeshatandika kitanda kidogo, na najua wewe na Ernest mmemwomba Mungu mtoto miaka yote hii. Lakini tumenyonya titi moja, sitakudanganya. Sikukuita kwa kuwa kwenu kuna maziwa. Nilikuita ili Bi Lumb amkose. Na barua ilipokwisha kwenda, nikakuwaza wewe unamnywesha, naye anakuita mama, na wallahi, dada yangu, nikakuchukia wewe kuliko Bi Lumb. Nisamehe ukiweza. Jumamosi njoo, nitakuwekea chai na sukari yangu yote ya wiki, tukae, tucheke. Lakini utarudi peke yako.

Msalimie Ernest, na ukikinge kifua chako na baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Nellie, mama yake Brenda