Mawe ndani ya pasi

Papa Casimir,

Nimeenda Zongwe kuchukua samaki. Koti yako ya abacost haijapigwa pasi. Asubuhi nilifungua pasi nitie makaa, njo nikakuta yale mawe ya zambarau uliyosema umeyaacha kwa kaka yako kule Manono, yanakwaruzana ndani ya majivu. Ilibaki kidogo niyachome, na moto unamaliza rangi yao na bei yao.

Sasa kila jiwe liko na kitambaa chake, na yote tumeyashonea ndani ya muto anaolalia mama yako. Yeye mwenyewe njo alishika sindano. Mwizi gani atamuinua pale?

~~Usiguse pasi yangu.~~ Piga pasi mwenyewe, makaa iko nyuma ya mulango.

Ukiyataka mawe, umuombe mama. Anangoja umueleze kwanza sababu gani ulinificha.

Bibi yako wa ndoa