Poda ya Magoti

Jumatatu, 2 Juni
Nimepakaa mawese ya moto kwa magoti, kama kila asubuhi. Nimekunywa tangawizi. Nimefunga kitambaa. Bado. Hii baridi ya kambi ya Dzaleka inaingia mpaka ndani ya mufupa na kukaa kama mwenye nyumba. Nilichuchumaa kutengeneza baiskeli ya kwanza, goti likalia kraa, mwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akageuka kuangalia nani amevunja kijiti. Baiskeli tatu tu leo. Mimi, fundi mwenye Rumonge yote, kule Burundi, ilikuwa inajua. Nilikuwa napandisha mulima na madumu sita ya mawese kwa baiskeli moja, bila kushuka. Siku zingine nane.

Yaya Vestine, dada yangu mukubwa, naye vidole vimevimba. Hawezi kukanda unga wa mandazi. Yeye njo alinilea wakati mama alikufa. Tunapakaa pamoja, tunanuka kama sufuria.

Jumamosi, 7 Juni
Nilienda Lilongwe, mutaa wa Area 47, na Deo, jirani mwenye anauzisha poda ya maumivu ya viungo, kwa mukutano wa bauzaji. Chumba kizuri, viti vya plastiki. Bantu banasimama mumoja mumoja, banatoa ushuhuda sawa na kanisani. Mama mumoja alisema alikuwa anatambaa. Hakujua kusema, alikuwa kama anasoma karatasi. Ule ushuhuda bangenipa mimi, chumba chote kingelia.

Deo aliona namna nilikuwa naangalia. Akanipa kopo moja ya bure. Kuko picha ya majani na mutu anaruka. Ndani poda ya kahawia, chungu sana. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Jumatano, 11 Juni
Sina maumivu. Naandika tena: sina maumivu. Siku ine tu. Nimechuchumaa kwa baiskeli saba na nimesimama bila kushika kitu. Nimeimba. Sauti yangu bado iko.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada, Deo aliweka meza inje na akanisimamisha juu ya stuli. Nilisema. Nilisema miaka miwili nilitembea na magongo mawili. Nilisema juzi nilikimbia toka Dowa mpaka hapa kambini, nikapita kabaza mwenye alikuwa hana abiria, akaanguka juu ya kushangaa. Bantu bakacheka, bakapiga makofi. Magongo sijawahi kushika. Lakini ushuhuda bila magongo ni nini.

Mama mumoja akauliza: na mwenye kidonda cha tumbo? Deo akaangalia kopo. Mi nikajibu haraka, hata kidonda, inakausha. Nilitoa wapi? Kwa kichwa. Ilisikika vizuri.

Bantu kumi na mbili bakaandikisha majina. Yaya alikuwa wa pili. Yeye iko na kidonda cha tumbo tangu Burundi. Akanishika mukono: "Kama ni weye unasema, nakunywa." Nilijisikia mukubwa kama gavana.

Jumatano, 18 Juni
Tumbo linachoma. Labda maharagi. Nimeongeza kijiko cha tatu. Mutu mwenye amesimama juu ya stuli hawezi kuonekana anachechemea.

Ijumaa, 20 Juni
Choo cheusi. Cheusi kama lami. Nimeogopa, sifichi.

Nimeenda kliniki na kopo mufukoni. Dokta aligeuza kopo pande zote, akatafuta kwenye bameandika vitu vya ndani. Hakuna. Akasema hawezi kujua ni nini, lakini ameshaona poda kama hizi. Mutu anachanganya ndani dawa kali ya maumivu, haandiki, anachora majani. Njo maana goti linanyamaza haraka. Na njo ile inakula tumbo. Bakapima damu yangu, bakasema ninayo ya kutosha. Vidonge vya tumbo. Poda, acha leo.

Akauliza nani mwingine anakunywa. Nikasema hakuna mutu. Sijui juu ya nini nilisema vile. Kuona haya tu.

Nilienda mbio kwa Yaya. Alikuwa anakanda unga, vidole vinaruka. Nikamwambia yote. Akacheka mpaka unga ukamwagika.

"Choo cheusi! Kesho utasema umezaa mapacha."

"Yaya, naapa."

"Uliapa pia juu ya yule kiboko wa Rusizi, ulimupanda mugongo."

Nikanyoosha mukono kuchukua kopo yake. Akaiweka ndani ya kitenge, akafunga. Akasema yangu imeisha, sasa nataka kuiba ya kwake. Dada yangu. Haniamini. Na kosa si lake.

Jumamosi, 21 Juni
Nimerudi mara mbili. Amenifungia mulango. Deo hayuko, banasema ameenda Nathenje kuuzisha. Goti limerudi, kali kuliko mbele. Sijali goti.

Jumapili, 22 Juni
Wakati wa ushuhuda nilisimama. Pasteri alitabasamu, bantu bakajiweka vizuri kwa viti. Banapenda nikisimama.

Nikasema sijawahi kuwa na magongo. Bakacheka. Nikasema sikukimbia toka Dowa, hata toka sokoni. Bakacheka zaidi, banangoja nimalize muchezo. Nilitaka kulia. Nilikuwa sijui namna mutu anasema kitu bila kukipamba. Nikatoa vidonge vya kliniki, na karatasi, nikampa Pasteri asome. Akasoma. Hakucheka. Njo nikasema, mule kanisani, mbele ya kwaya, kwamba choo changu kilikuwa cheusi, na mwenye iko na cheusi aende kliniki leo, asingoje kesho. Na ile ya kidonda cha tumbo nilitoa kwa kichwa changu mwenyewe.

Baba mumoja nyuma akainua mukono pole pole.

Kisha Yaya. Hakuinua mukono. Alisimama ili atoke na akakaa chini, hapo kati ya viti. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Choo cheusi, tangu Alhamisi, akanisemea kwa sikio. Alikuwa anaona haya.

Jumatatu, 23 Juni
Lilongwe, hospitali kubwa. Bamemutia Yaya damu. Niko nangoja kwa benchi inje. Mutu kando yangu aliniuliza natoka wapi, zamani ningemupa hadithi ya saa mbili. Nilisema Dzaleka, basi.

Akikufa, ni mimi. Naandika tu hivyo.

Jumanne, 24 Juni
Bado analala. Mama nesi alisema damu haitoki tena ndani, zikomo Mulungu, akasema, asante Mungu. Nikasema zikomo mara ingine, na ingine. Sijakula.

Jumatano, 25 Juni
Ameomba uji. Ameukunywa wote na akasema hauna sukari. Ni yeye kabisa.

Nilitoka inje nikalia karibu na bomba, mutu mukubwa na mvi zangu. Kisha nikanawa uso. Sijawahi kulala vizuri kama leo, chini, juu ya karatasi ya sanduku.

Jumamosi, 5 Julai
Yaya iko nyumbani. Yule baba wa nyuma naye alikwenda kliniki, iko mzima. Nimezunguka nyumba zote kumi na mbili na muguu huu, nyumba kwa nyumba, nimekusanya makopo. Deo alirudi, akabisha, akaona karatasi ya hospitali, akakaa. Yeye pia alikuwa anakunywa. Tumeyatupa kwa choo cha shimo, yeye na mimi.

Mama wa mazoezi pale hospitali alituonyesha: nguo ya maji ya moto asubuhi, kunyoosha goti mara kumi ukikaa kwa kiti, kufinya soksi iliyokunjwa kwa mukono. Kidonge cha kawaida, kile dokta amesema tu, na kipimo chake. Kuchuchumaa, acha. Nimefunga kamba kwa boriti, baiskeli inaning'inia mbele ya uso, mi nakaa kwa kiti kirefu. Bantu banapita banauliza kama nachinja mbuzi. Inafanya kazi. Inafanya vizuri hata.

Jumapili, 13 Julai
Jua kidogo. Nimetoka kwangu kwenda kwa Yaya bila fimbo. Goti linauma, ya kuvumilika. Alikuwa kwa mulango anafinya soksi yake.

Nikamwambia nimetembea hatua mia moja bila kusimama. Akaniangalia. Nikasema basi, hamsini. Akainuka, akashika mukono wangu, tukarudi pamoja mpaka kwangu, pole pole, tunahesabu kwa sauti. Thelathini na sita.