Hotuba ya Jumatano Asubuhi

Parklands, Nairobi
19 Agosti 2009

Kaka yangu Abdulrauf,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikufikie kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, iwakute nyote wazima: wewe, wifi, watoto na majirani wote wa hapo Malindi. Mguu wako unaendeleaje? Wifi aliniambia kwa simu kwamba umeanza kuukanyagia bila mkongojo, nikashukuru sana. Mimi sijambo, ila baridi ya huku mwaka huu haina adabu hata kidogo. Nalala na sweta mbili na bado meno yanagongana.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Usidhani nimekudharau kwa kukawia kujibu. Nimeanza kukuandikia mara nne na mara nne nimechana karatasi.

Umenipa mambo mawili mazito katika ukurasa mmoja, kaka. La kwanza, kwamba binti yako Mabruka amejifungua mtoto wa kike tangu mwezi wa Mei, na mmenificha hata mimi shangazi yake. Haya, hilo nimelilia na nimelimeza. La pili, kwamba Bi Kavata, mwalimu wake mkuu, alikuja mwenyewe nyumbani kusema nafasi ya Mabruka ipo, arudi kidato cha tatu shule zikifunguliwa Septemba, nawe ukamrudisha na chai yake hajaimaliza. Umesema ulikuwa hujaamua mpaka uliposikia redioni hotuba ya Mheshimiwa Muigai. Umeirekodi, unawachezea wateja dukani, na sare za mtoto umeshazigawa. Tena umenituma nimpe salamu, kwa kuwa bosi wangu huyu, ijapokuwa si Muislamu, anasema kama mtu anayemcha Mungu.

Salamu zako nimezifikisha. Ila kuna mambo ya kazi yangu ambayo sikuwahi kukueleza. Miaka hii mitatu nimekuwa nikikwambia mimi ni karani wa mbunge, nawe hukuuliza zaidi.

Kwanza nataka ujue kwamba Mheshimiwa ni mtu mwema, nisije nikaonekana namsengenya. Ni mtu wa msimamo wa kizamani na wala haufichi. Mswada wa kusogeza mabaa mbali na shule aliuunga mkono kwa nguvu zake zote. Aliunga mkono azimio la kuondoa yale mabango ya wanawake nusu uchi barabarani, na hoja ya kutaka vipindi vya dini visipunguzwe mashuleni. Mengi nakubaliana naye, na ule wa mabaa niliuhangaikia mpaka sauti ikanikauka. Mama alipofariki alinipa gari lake na dereva mpaka mlangoni kwetu. Yule dereva unamkumbuka, alikula pilau sahani tatu.

Shida ya Mheshimiwa ni Kiswahili. Bungeni kuna kanuni kwamba mbunge akianza kuchangia kwa Kiswahili, amalize kwa Kiswahili. Akianza kwa Kiingereza, vivyo hivyo. Sasa yeye siku moja alisimama akitaka kuwafurahisha wapiga kura wake, akaanza kwa Kiswahili salamu mbili tatu, halafu akataka kuhamia Kiingereza. Weee! Wenzake wakamzomea, wakataka utaratibu ufuatwe, na Spika akamwambia aendelee na lugha aliyoanza nayo. Akasimama pale jasho linamtoka, akasema bajeti ni mbaya, akaketi. Magazeti yalimcheka wiki nzima. Ndipo akaapa atajifunza, akaulizia mtu wa pwani, na mimi nikaletwa ofisini kwake pale mjini.

Kazi yangu ikawa kumnyoosha ulimi. Na huwezi kumwandikia tu akasome, kwa sababu Bungeni hairuhusiwi kusoma hotuba neno kwa neno. Mtu anaruhusiwa kuchungulia vidokezo tu. Kwa hiyo namkaririsha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Naye ana bidii, maskini. Huko kwake Karen hutembea bustanini kabla ya staftahi akiwahutubia ng'ombe wake. Shiko, msichana wa mapokezi, hutucheka mpaka anatokwa na machozi tunapopambana na herufi ya L. Bila shaka kwenye kanda yako umemsikia akisema "mwarimu".

Sasa tuje kwenye ile hoja ya Jumatano asubuhi, ile ya kutaka wasichana waliozaa wasirudishwe shuleni. Umeandika kwamba sheria imepita, na kwamba Bi Kavata anakushawishi uivunje. Hapana, kaka. Iliyopita ni hoja. Hoja ni Bunge kuiambia serikali tungependa ufanye hivi, na serikali ikitaka itafanya, isipotaka karatasi itakaa kabatini. Mswada ndio huwa sheria, na hakuna mswada wowote ulioletwa. Mlango wa shule ya Mabruka uko wazi leo kama ulivyokuwa jana, na Bi Kavata hajakosa lolote.

Lakini nakujua. Kilichokushika si sheria, ni yale maneno. Umeyanakili kwenye barua yako kwa mkono wako na ukayapigia mstari: "Msichana aliyezaa akirudi darasani, darasa zima hujifunza kwake kabla ya kujifunza kwa mwalimu." Umesema uliposikia hayo ulihisi kama mtu ameingia sebuleni kwako akakusemesha kwa jina.

Abdulrauf, maneno hayo ni yangu.

Mheshimiwa alinipa mistari minne ya Kiingereza kwenye kipande cha karatasi: nidhamu, mfano mbaya, wazazi wawajibike, serikali iache kulegea. Basi, hakuna zaidi. Yaliyobaki yote nilitunga mimi, nimekaa mezani kwangu na kikombe cha kahawa. Nilitafuta kitu cha kuwachoma watu, nikamkumbuka marehemu Bibi alivyokuwa akimsema yule binti wa jirani yetu, yule aliyefungiwa ndani mpaka akaozwa kwa mzee wa Lamu. Nikayachukua maneno ya Bibi, nikayapiga pasi, nikamvisha Mheshimiwa. Ndiyo maana yalikuingia hivyo. Yalitoka nyumbani kwetu.

Na hilo silo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe siyaamini. Sikuyaamini siku niliyoyaandika. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu nilikaa dawati moja na msichana aliyekuwa na mtoto wake nyumbani, na ndiye aliyenisaidia nikafaulu hesabu. Nilijua hayo yote na bado niliandika, kwa sababu maneno yalikuwa yanakuja vizuri. Jumatano ile nilikaa juu kwenye ukumbi wa wageni. Wabunge walipopiga miguu chini kumshangilia, mimi nilitabasamu. Nilijiona bingwa. Sikumfikiria msichana hata mmoja mwenye uso na jina. Baada ya wiki mbili barua yako ikafika na jina la Mabruka ndani yake.

Jumamosi nilikwenda Karen kwa Mheshimiwa, nikamweleza kila kitu, na kwamba nitakuandikia ukweli. Akasema msimamo wake kuhusu hoja haujabadilika na asingependa nimdanganye mtu kwamba umebadilika. Lakini akauliza mtoto ana umri gani, nikamwambia kumi na sita. Akauliza alikuwa wa ngapi darasani, nikamwambia wa tatu. Akaweka kikombe chini akasema yeye alizungumza na serikali, hakuzungumza na baba mwenye binti ambaye shule inamtaka. Nilimwambia kwamba redio haijui kutenganisha hao wawili. Mwishowe akaniambia niandike, ila nisitumie karatasi ya Bunge. Alijaribu kucheka lakini hakuweza. Watu wanamsifu siku hizi kwa Kiswahili chake, na anajua ukiyatoa haya dukani sifa yake itakwisha na kibarua changu pia. Yatoe ukitaka, kaka. Sitakulaumu.

Ninachokuomba ni kimoja. Mrudishe mtoto shule. Sina maneno mazuri ya kukuombea hilo. Nimejaribu kuyatunga mara nne na kila mara nikayachana. Mimi mdogo wako nilikosea na adhabu anaipata mwanao. Kuhusu mtoto mchanga, wifi akielemewa nileteeni hapa Parklands, nina chumba na nina mikono. Sare nitashona mpya, nitumie tu vipimo.

Nisalimie wifi sana na umwambie simlaumu kwa kunificha. Wabusu wadogo wote, na huyo mgeni wetu mdogo, ambaye mpaka leo hamjaniambia jina lake. Majirani wote pia nisalimie, na Mola atufikishe Ramadhani kwa heri.

Ukishamaliza kusoma, usimhadithie Mabruka habari hizi. Mpe barua aisome mwenyewe, yote, hata pale nilipotabasamu. Yeye ndiye niliyemkosea, na jibu lake ndilo nitakalolingoja.

Mdogo wako akupendaye,
Ummulkheir