Mtaa wa Kwanza Kuzimwa

Kaka yangu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Paka amezaa ndani ya kabati la mama, na mama amekataa katakata wahamishwe.

Unakumbuka nilipopewa umeneja wa shirika la umeme hapa nilitangaza hadharani kwamba kila mgao utaanzia mtaa ninaokaa mimi? Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo mafundi wangu hawajatupiwa mawe tena.

Kaka, kuanzia Ijumaa mgao unapanda kutoka masaa mawili hadi sita. Betri ya mashine ya oksijeni ya mama inadumu masaa mawili tu.

Jana jirani yetu fundi cherehani, ambaye kazi yake naizima mimi, alikuja kumpepea mama. Akaniambia, "Dada meneja, uruke tu mtaa wetu. Nani atasema?"

Mama akadakia kwa pumzi za kuokoteza: "Na wagonjwa wa mtaa wa pili je?"

Nimeshika kalamu mara tatu niibadilishe ratiba, nikaiweka chini.

Huko kwako umeme haukatiki. Njoo umchukue kabla ya Ijumaa, nakupigia magoti. Naogopa sitaibadilisha.

Ni mimi, mdogo wako.