Kidole Chako Kwenye Picha Zangu

Wifi yangu Zuhura,

Salamu nilikupa Ijumaa pale makaburini, nikakusomea na Yasini, kwa hiyo leo sianzi na dua. Leo naanza na umbea, maana najua ndio unaoukosa zaidi.

Kaka yako hajambo. Bado anakoroma, bado anaficha rimoti chini ya mto halafu anaitafuta nyumba nzima. Yule jirani wa vitenge chini ya saluni yetu amenunua spika kubwa kuliko duka lake. Siku hizi tukitaka kuongea inabidi tusubiri apumue. Na kigoda chako kipo palepale dirishani. Wateja wanakiwekea mikoba. Mimi nilikuwa sikigusi.

Kuna jambo sikulisema kaburini kwa sababu kaka yako alikuwa pembeni. Tangu uondoke sikuwa nimempaka hina bibi harusi hata mmoja. Nilikuwa napaka piko nyeusi za harakaharaka, ua moja, jani moja, kwaheri. Bibi harusi ni kazi ya kutwa, Zuhura. Anatetemeka, anataka simu yake, anawashwa pua, anakumbuka kulia. Mimi nilichora tu. Wewe ndiye uliyeushika ule mkono, ukamkuna pua, ukamchekesha kwa kiasi asije akaharibu maua. "Mkono wa bibi harusi ni yai la kuazima," ulikuwa unasema. Sasa wakija nikawa nawaelekeza kwa mafundi wengine, nasingizia mgongo.

Mwanao ndiye aliyenichokoza. Unamjua Rukia, toka aanze kazi kwenye lile duka la simu la Msimbazi, kila kitu anataka kukitia kwenye kompyuta. Akaniambia, "Anti, maua yako yote yanaishia kwenye maji na sabuni. Wiki mbili tu hayapo. Halafu wateja wanakuja na picha za watu wa nje, wanataka uige. Si tuifundishe akili mnemba maua yako mwenyewe? Wakija, wachague ya kwako." Nikamjibu kwamba mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Lakini yale maneno ya maji na sabuni yaliniingia, maana ni kweli. Anayechora ukutani akifa, ukuta unabaki.

Unakumbuka kila tukimaliza ulikuwa unaunyanyua mkono wa bibi harusi kuelekea dirishani, nami napiga picha? Zote nilikuwa nimezitunza kwenye simu. Sura za watu hakuna, ni mikono tu. Rukia akazichukua, akanikalisha niandike maelezo ya kila picha ili mashine ijue inafundishwa nini. Nikaandika kwa bidii: mkono wa kulia, maua ya mkarafuu, mkufu kwenye kiganja, majani mpaka kwenye kiwiko. Ikasoma mchana kutwa. Feni tukaielekeza kwa kompyuta, sisi tukajipepea na vipande vya boksi.

Zilipotoka picha za kwanza nilicheka, wifi. Mkono mmoja una vidole sita. Mwingine umepakwa hina mpaka juu ya pete. Lakini maua yalikuwa yangu! Ile mizunguko yangu, na yale majani uliyokuwa unasema yamelegea kama mwenyewe.

Halafu Rukia akasogeza uso karibu na kioo. Kwenye kila picha, chini ya kila mkono, kilikuwa kimejitokeza kidole gumba cha mtu mwingine, kimeushikilia. Na ukucha wake umepasuka katikati.

Ndio huohuo. Ule uliobanwa na mlango wa chuma siku tunahamia saluni hii, ukawa unaota na mstari wake mpaka mwisho.

"Anti," akasema, "hiki si kidole cha mama?"

Baadaye alinieleza, macho makavu kabisa. Kitu kilichomo kwenye kila picha, nawe hukukitaja kwenye maelezo, mashine inadhani ndio mtindo wako. Na mimi kidole chako sikukitaja hata mara moja. Nilikuwa sikioni tena, Zuhura, nilikuwa naona maua tu. Mashine yenyewe ikaelewa kwamba mkono niliouchora mimi lazima uwe umeshikwa na mtu.

Dawa yake ilikuwa rahisi, alisema: tukitaje. Tukikitaja, mashine itajua kuwa maua ni kitu kingine na kidole ni kingine, na tutaweza kukiondoa. Nilisita. Nikutaje ili uondoke! Lakini wateja wanataka kuona maua, si gumba la wifi yangu. Basi tukakaa, mimi na mwanao, picha moja baada ya nyingine, tukaongeza: umeshikwa na Zuhura. Umeshikwa na Zuhura. Kila picha Rukia anauliza huyu alikuwa nani, nami nasimulia. Yule wa Magomeni aliyelala akakoroma mkono uko hewani, ukaushikilia mpaka ukaingia ganzi. Yule aliyesema haolewi tena, ukamwambia sawa mwanangu, ila hina ikauke kwanza. Rukia alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawa analia kweli. Toka msibani sikuwa nimemwona akilia. Nami nikalia. Tukanawa uso, tukashuka kununua chipsi mayai.

Tulipoifundisha upya, mikono ilitoka safi, mizuri, imenyooka. Imenyooka mno, kama ya yale masanamu yanayovalishwa magauni kule chini. Tukaiomba tena kwa kuandika jina lako, ukaja, gumba na ukucha wake. Tukazichapa zote, zenye wewe na zisizo na wewe, tukazibandika ukutani.

Juzi akaja binti na mama yake, harusi ni mwisho wa wiki. Akazipita zile safi zote, akagusa moja yako. "Nataka kama huu," akasema, "huu ulioshikwa." Nikafungua mdomo nisingizie mgongo. Rukia alikuwa amekuja kuniletea chaja tu. Akaiondoa mikoba kwenye kigoda chako, akakaa, akauchukua mkono wa yule binti bila hata kunitazama. Gumba lake akaliweka chini ya kiganja, palepale pako. Nami nikachukua koni ya hina.

Tulimaliza magharibi imeshaingia. Mgongo wangu, safari hii, uliuma kweli, na nilifurahi. Yule binti alipowashwa pua, Rukia alimkuna kabla hajaomba.

Wacha niishie hapa, kuna hina ya kuchekecha na Rukia anakuja mapema. Wateja wakiuliza aliyeushika mkono kwenye zile picha ni nani, anajibu, "Mama yangu," huku anatabasamu. Mungu akuangazie ulipolala, wifi yangu. Ahadi yangu kwako ni hii: kila nitakapoonyesha maua yangu nitakutaja jina, na sitakutaja ili uondoke.

Wifi yako mwenye majani yaliyolegea,
Mwanahawa