Boksi la Pembe Nne

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka toka msituni, nikisimama mlangoni hata choo sikioni. Baridi inauma, na mimi nina hasira, kwa hiyo leo asiniamkie mtu.

Vifaranga tisa wamekufa.

Nimewakuta asubuhi wamerundikana kwenye pembe moja ya boksi, wa chini wamelala bapa. Mkaa wa kwenye chungu cha katikati ulipungua, wakatafuta joto, wakasukumana. Kifaranga akishaingia kwenye pembe hajui kurudi nyuma. Hili nalijua tangu nikiwa msichana.

Nilijua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Nilikuwa nimeshaanza kinengunengu changu, duara la makatoni nililolishona kwa kamba ya katani, niwatunzie humo vifaranga thelathini na mmoja mpaka waote manyoya. Akaja mwanangu Tluway. Ni fundi seremala, anatengeneza vitanda vya hoteli za watalii, futi kiunoni, penseli sikioni. Akacheka.

"Mama, hiki ni kikapu au nyumba? Niachie mimi, nimeona kwenye simu."

Nikamwambia vifaranga hawataki pembe.

"Umeona wapi boksi la mviringo, mama?"

Nikanyamaza.

Sikusoma hata siku moja. Haya yenyewe naiambia simu, ndiyo inaandika. Nimezaa saba, kuku niliofuga sina hesabu yao, lakini mtu akitoa penseli mbele yangu mdomo unajifunga. Akapigilia misumari yake, pembe zimenyooka kama za kabati la bibi harusi, na mimi nikasema asante baba.

Asante ya nini?

Lile swali lake, nimeona wapi boksi la mviringo, jibu nimelipata leo, nikiwa na maiti tisa kwenye ungo: kwenye kiota. Ndege gani amewahi kujenga kiota chenye pembe?

Nimempigia. Akasema, "Pole mama. Nitakutengenezea lingine, ngoja nikuchoree kwanza." Nikamwambia akinichorea nitamchapa pamoja na ndevu zake. Aje na msumeno, azikate hizo pembe.

Sasa nimekunja makatoni nikaziba pembe zote nne. Mkaa mpya umeshika. Waliobaki wametawanyika, wanadonoa. Mmoja anachechemea, huyo nimemweka kifuani ndani ya kanga, na ameshanichafua. Achafue tu, mradi apumue.

Najiuliza nimenyamaza hivi mara ngapi, na nani aliumia. Kwenye kilimo? Kwenye ndoa za wanangu? Sitaki hata kuhesabu.

Tluway akifika atakuta chai ya maziwa na viazi vya moto, kwa sababu ni mtoto wangu na njiani kuna baridi. Lakini atakata kwanza. Na mimi nitasimama palepale, nikimwonyesha kwa kidole pa kupitisha msumeno.