Babu Yako Hakuwa Mlevi

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Mangobo tunaamka salama, ingawa nyumba imepoa tangu tumzike mama yako, Sifa. Unauliza kama babu yako alikuwa mlevi, kama watu wasemavyo kwa vile alivyokuwa akiyumba. Hapana. Ni ugonjwa uleule wa kurithi uliomuua mama yako, hiyo protini unayoniandikia, inayojikunja vibaya na kuganda ubongoni.

Wakati wa Zaire, kila asubuhi kiwandani tulilazimishwa kuimba na kucheza kukisifu chama tawala. Mabega ya babu yako Albert yalikuwa yameanza kuruka yenyewe. Chefu, msimamizi wetu, akashangilia: «Muangalie Papa Albert, iko nacheza kuwapita wote!»

Nyimbo zikakoma, yeye akaendelea.

«Bon, unatucheka?» chefu akafoka, na yeye na watu wake wakampiga.

Nyumbani aliniambia, «Mama Sifa, nilitaka kutulia, mwili ukakataa.»

Mikono yako ikianza kuruka yenyewe, niambie. Mimi nitakuamini.

Bibi yako